Kijapani cha Nyuma ya Ukuta

Pasiansi, Mwanza, Jumanne, 3 Oktoba 1995

Naanza daftari hili nikiwa na hasira, na sioni haya kusema hivyo. Hasira imenifanyia kazi nyingi maishani pale upole uliposhindwa.

Jana Getruda alinipeleka nyumba ya simu mjini. Noboru alikuwa ametangulia. Huyu ni kijana wa Kijapani anayefundisha hesabu shule moja na binti yangu, na tangu Pasaka wameniambia wanataka kuoana. Alipiga simu kwao, akazungumza na mama yake, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma kabla sijaingia, maana ameshaambiwa kwamba kwetu Wajaluo mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Getruda akanipa mkonga wa simu. "Msalimie, mama."

Nikasema, "Haloo." Upande wa pili mwanamke akasema neno. Nikasema tena, "Haloo." Akanyamaza. Nikasikia anavyopumua, pumzi fupi yenye mkwaruzo mdogo mwishoni, kama ya mtu aliyetoka kupanda kilima. Naye bila shaka aliisikia yangu. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, mpaka karani akagonga kioo kwamba muda umekwisha.

Njia nzima ya kurudi niliwaza jambo moja tu. Mkataba wa Noboru unaisha Machi. Wakioana, Getruda ataenda kuishi nyumba moja na mwanamke yule. Siku mwanangu akiugua huko, mimi nitapiga simu, na nitasikia pumzi.

Leo asubuhi nimemwambia Getruda hivi: mama yake Noboru anakuja Desemba kuposa, vizuri, aje. Lakini sisemi ndiyo mpaka nimezungumza naye kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa lugha yake. Getruda akasema, "Mama, una miaka zaidi ya hamsini." Nikamjibu kwamba umri wangu naujua, na mdomo bado haujastaafu.

Jumatano, 4 Oktoba

Shemeji Zadok amekuja. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, Odoyo, na yeye mwenyewe ni mstaafu wa reli. Tangu tumzike Odoyo, kwenye mambo ya ukoo yeye ndiye anayekalia kiti kikubwa.

"Shemeji," akasema, "maneno ya posa hupita kwa wanaume. Noboru atasema kwa Kiingereza, mimi nitayaweka kwa Kijaluo, majibu yatarudi njia hiyohiyo."

"Mpaka yanifikie mimi yatakuwa yamebaki maganda."

"Sawa. Atakufundisha nani? Mjapani tunayemjua hapa Mwanza ni huyohuyo, na huyohuyo ndiye mkwe. Utakaa naye meza moja mtazamane?"

Hapo alinipata. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, na sitaki kuwa wa kwanza kuivunja. Tena Noboru ameishika kuliko vijana wetu. Juzi tulikutana njiani, akaingia kwenye mihogo ya watu na kunipa mgongo, akasimama humo hadi nilipopotea. Mwenye shamba alidhani anajisaidia.

Ijumaa, 6 Oktoba

Desturi inakataza uso. Sikio haikulitaja.

Nimemwambia Getruda achukue kigoda akiweke nje, nyuma ya jiko langu, upande ambao ukuta wa udongo hauna dirisha. Noboru akae pale. Mimi nikae ndani na sufuria zangu. Zadok aliposikia alifikiri muda mrefu, akatafuta kosa, hakuliona, akaondoka bila kuaga.

Siku hizi mwezi ni mkubwa na mitumbwi ya dagaa haitoki, kwa kuwa mwanga wa karabai haushindani na mbalamwezi. Sina dagaa wa kuanika, nina nafasi. Jioni nikasikia kigoda kinalia upande wa pili, na sauti ikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu." Nimeamua kumwita mwalimu. Inaturahisishia.

Akasema, "Konnichiwa." Nikasema kitu. Akagonga ukuta kwa kidole. "Moo ichido." Maana yake tena. Nikasema. Akagonga. Tena. Niliwahi kufundisha kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, wazee wenye mvi wakishika chaki kama mpini wa jembe. Leo nimewakumbuka kwa heshima kubwa. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama nimeng'atwa na nyuki, lakini ugali ulipoiva nilikuwa najua kumsalimu mtu mchana.

Jumapili, 8 Oktoba

Misa. Nikamsalimu Mungu mchana kwa Kijapani.

Jumatano, 11 Oktoba

Mama Nestory, jirani yangu, Mkerewe wa Nansio ambaye huanika dagaa pamoja nami, alikuja kuomba moto katikati ya somo. Akasimama akasikiliza. Noboru alikuwa anamwuliza Getruda nje, "Habali za kazi ya reo?"

Mama Nestory, ambaye kama Wakerewe wengi huchanganya l na r, akashika kiuno. "Huyu ni mtu wetu. Babu yake aritoka Nansio na mtumbwi, akapotea, akatokea huko."

Nyuma ya ukuta Noboru akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka, kicheko kinene ambacho hakifanani na ile shingo yake nyembamba niliyokuwa nikiiona kwa mbali. Sikuwa nimemfikiria kama mtu anayeweza kucheka hivyo.

Jumatatu, 16 Oktoba

Giza limerudi, mitumbwi inatoka, dagaa ni wengi. Nawageuza juani huku nikijisemea: okaasan, mama. Musume, binti. Genki, mzima. Kila mgeuzo neno. Wachuuzi wanadhani nimeokoka nanena kwa lugha. Mmoja aliniomba nimwombee mgongo wake.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimesahau yote. Hata "mchana mwema". Nimepika dagaa bila chumvi.

Jumapili, 29 Oktoba

Tumepiga kura. Foleni ilizunguka shule mpaka kwenye choo. Vyama vingi, vijana wamevaa fulana za kila rangi, kila mmoja anajua nchi inakokwenda. Mama Nestory alibeba kigoda chake na karanga. Noboru alipita kuangalia, akaniona, akageukia ukuta wa darasa akabaki kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Watu walimhurumia.

Zadok alikuwa mbele yangu. Akauliza bila kugeuka, "Umefika wapi na hicho kitu chako?"

Nikamjibu kwa Kijapani kwamba mimi ni mzima, je, yeye? Niliona shavu lake likipanda kidogo kwa nyuma.

Ijumaa, 3 Novemba

Mvua imefika. Imekuja kutoka ziwani mchana, nyeusi, ikayapiga mabati ya jiko hata nisijisikie. Noboru alipiga kelele kutoka nje, nami nikapiga kelele kutoka ndani. Tulikuwa tunajifunza kuulizana afya. Mvua ilipokatika ghafla mtaa mzima ukanisikia nikiuliza kwa nguvu zote kama ni mzima. Kutoka uani kwake Mama Nestory akajibu, kwa Kijapani safi, kwamba yeye ni mzima.

Jumanne, 7 Novemba

Leo tumegombana.

Kwa wiki nzima Noboru ananifundisha hali ya hewa. Leo kuna joto, sivyo? Leo kuna mvua, sivyo? Nilivumilia. Leo nikamwambia, "Mwalimu, yatosha. Nifundishe kusema 'usinifiche'."

Kigoda kikalia.

"Mwalimu?"

"Mama, hilo si neno zuri kumwambia mama yangu. Watu wa kwetu wanaanza na hali ya hewa."

"Nifundishe kusema 'binti yangu akiwa mgonjwa, niambie, usinifiche'."

"Mama atasikia vibaya. Tuanze pole pole."

"Muda wa pole pole sina. Nifundishe na 'amekufa'."

Akaanza tena hali ya hewa. Nilikuwa na mwiko mkononi. Sikupanga, lakini niliupiga ukuta kwa mwiko ule, na kipande cha udongo kikaanguka upande wake. Nikasema, "Mimi sitoi binti kwa hali ya hewa." Nikasikia kigoda kinasogezwa, kisha nyayo zikienda kwenye matope, na kule kuondoka bila kuaga ndiko kulikonionyesha nimemwumiza, kwa sababu kijana huyu huaga hata mbuzi.

Sijuti nilichosema. Najuta mwiko.

Alhamisi, 9 Novemba

Hakuja.

Jumamosi, 11 Novemba

Hakuja. Mvua.

Jumatatu, 13 Novemba

Magugumaji yameziba mwalo wote wa kupakulia dagaa. Mitumbwi imekwama mbali huko, wanaume wanayakata kwa mapanga, na mzigo ukifika nchi kavu umeshalegea. Nilianika kati ya mvua mbili, mvua ya tatu haikuuliza. Dagaa wameoza, mtaa wote unanuka, nzi wanafanya sherehe.

Getruda alinikuta nikiwafukia. Hakunisaidia, jambo ambalo si kawaida yake. "Mama, unamfanya mwenzangu aonekane mwizi," akasema. "Kama hutaki, sema hutaki. Usijifiche nyuma ya Kijapani."

Nilitaka kumfokea. Badala yake nikamwambia ukweli: kwamba nataka sana aolewe na huyu, kwamba nimempenda kijana kwa sauti kabla ya kumjua sura, na kwamba ninachokiogopa ni ile simu. Nikamweleza kuhusu pumzi. Hakuwahi kujua. Aliinama akashika koleo, tukafukia pamoja, na wote tulikuwa tunalia kidogo, ingawa kwa harufu ile hakuna ambaye angeweza kutushtaki.

Jumatano, 15 Novemba

Noboru amerudi. Mvua ilikuwa inanyesha, nyembamba, ya kutwa. Nikasikia kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Ule mwiko ulikuwa wa ukuta, haukuwa wako."

"Najua."

Kisha akazungumza kwa Kiswahili, taratibu, na mimi nikaondoa sufuria motoni ili nisikie. Alisema mwaka jana, akiwa hapahapa Mwanza, baba yake aliugua. Yeye hakuambiwa. Kila alipopiga simu aliuliza, baba yuko wapi, na mama yake akamjibu yuko bustanini. Mwezi huu yuko bustanini, mwezi unaofuata yuko bustanini. "Nikaanza kuwaza ni bustani gani hiyo isiyoisha," akasema. Alipoambiwa, baba alikuwa ameshazikwa. Mama yake alisema hakutaka kumwangushia mzigo akiwa mbali na peke yake. Hawajawahi kulizungumza tena. Wakipigiana simu huzungumza hali ya hewa.

Ningekuwa na haki ya kumwona, ningemshika bega. Nikaweka kiganja changu ukutani, upande wangu, pale nilipodhani mgongo wake umeegemea.

Akasema, "Kakusanaide. Ndiyo hivyo inavyosemwa, mama. Usinifiche."

Nikarudia. Akagonga ukuta. Nikarudia. Kila alipokuwa akiitamka sauti yake ilizidi kushuka, nikajua kwamba neno hili hanifundishi mimi tu.

Alhamisi, 16 Novemba

Sasa naogopa kuliko nilivyoanza. Mwanamke aliyemficha mwanawe wa kuzaa kifo cha baba yake, ataniambia nini mimi kuhusu binti yangu? Nimemwuliza mwalimu "naogopa" husemwaje. Kowai. Rahisi kutamka, kumbe.

Ijumaa, 24 Novemba

Leo somo likiendelea tulisikia nyundo. Zadok alikuwa amekuja na nguzo na mabati chakavu, anamtengenezea Noboru kipaa juu ya kigoda. Hakusalimu mtu. Alipomaliza akapitisha kichwa jikoni.

"Sifanyi kwa ajili ya Kijapani chako. Mkwe akishikwa na homa ya mapafu watasema ni sisi tumemuua."

Nikamwambia asante kwa Kijapani. Akaniuliza inaandikwaje. Nikamwambia sijui, mimi nafahamu cha kusikia tu.

Alhamisi, 30 Novemba

Neno jipya: yakusoku. Ahadi. Nimelipenda, linakaa mdomoni kama punje ya mahindi ya kuchoma.

Jumapili, 3 Desemba

Mwezi unakua, mitumbwi inapumzika. Tumepaka ukuta wa sebule chokaa. Mama Nestory ameazima vikombe. Kila jioni najieleza kwa sauti: mimi ni Agutu, mama wa Getruda. Karibu. Noboru anauliza, mimi najibu. Jana hakugonga ukuta hata mara moja. "Mama, uko tayari," akasema. Nilipata usingizi mzuri kama wa mtoto aliyefaulu.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimeshindwa. Naandika kila kitu nisije nikajidanganya baadaye.

Ndege ilitua asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Alikuja mwanamke mdogo, kijivu, suti ya kijivu, nywele za kijivu, ameshika boksi lililofungwa kwa kitambaa cha zambarau kama anabeba mtoto mchanga. Anaitwa Fumie. Akainama. Mimi nikainama. Zadok akainama, Mama Nestory akainama, watu wa mlangoni wote wakainama, kisha hatukujua nani aanze kunyanyuka.

Tukakaa sebuleni. Desturi ikatuvuruga tangu mwanzo, kwa maana mwenye lugha zote, Noboru, hawezi kuingia niliko mimi. Akasimama barazani, ametupa mgongo, akitafsiri kwa kupitia dirishani. Mama Fumie akasema maneno mengi, huku akifinya kitambaa kile. Noboru akayatupa ndani kwa Kiingereza, maneno machache zaidi. Zadok akafumba macho, akayapima, akayatoa kwa Kijaluo.

"Amefurahi," akasema.

Maneno yote yale, amefurahi.

Zamu yangu. Zadok mwenyewe alinipisha, namshukuru. Alisema mama wa binti ana salamu zake. Nikasimama. Nikamtazama Mama Fumie, naye akanitazama, macho madogo mekundu ya safari, na uso ule wote mbele yangu ukisubiri. Na Kijapani chote kikakimbia. Nilikitafuta. Sikupata mama, sikupata binti, sikupata hata mchana mwema. Nilichokuwa nacho ni ukuta, mwiko, harufu ya moshi na sauti, na hapa palikuwa na uso. Sijawahi hata siku moja kusema neno la Kijapani huku nikitazamwa.

Nikasema, "Leo kuna joto, sivyo?" Kwa Kiswahili.

Zadok akatafsiri kwa Kiingereza, kama utaratibu wake ulivyotaka, Noboru akatafsiri, Mama Fumie akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, kuna joto. Nikakaa. Getruda akanishika mkono nikauondoa, si kwa kumchukia.

Baadaye Zadok akaniuliza taratibu, "Wanategemea jibu Jumanne. Niseme nini?" Nikamwambia sijabadilika. Sijazungumza naye, sina jibu. Akasema, "Shemeji, umejitahidi. Watu wameona." Ningependa angenicheka; upole ule ulinichoma zaidi.

Jumapili, 10 Desemba

Baada ya misa nilikimbilia jikoni kusonga ugali wa wageni, na kusema kweli nilikwenda kujificha. Huko sebuleni walikuwa wanatazama picha.

Maji yalikuwa yanaanza kuchemka nikasikia kigoda kinalia nyuma ya ukuta. Nikadhani ni Noboru. Nikangoja shikamoo, haikuja. Ikaja pumzi. Fupi, na mwishoni mkwaruzo mdogo. Niliijua palepale. Ni ile ya simu.

Mama Fumie alikuwa ametoka kupunga upepo, amekiona kivuli na kiti, akakaa, hajui ni darasa.

Sikufikiri. Kama ningefikiri ningeharibu. Nikasema ukutani, "Okaasan." Mama.

Pumzi ikasimama. Kisha, "Hai?" Yaani, naam?

"Mimi Agutu. Mama wa Getruda. Karibu."

Akasema maneno mengi kwa haraka, na sauti yake ilikuwa imeshtuka. Nikamwambia, pole pole, tafadhali. Akaanza upya. Akasema, kama mtu anayemwekea mtoto kijiko mdomoni, neno, akangoja, neno, akangoja. Mwanangu, mmoja. Nyumba, kubwa. Mimi, peke yangu. Kisha akasema lile: kowai.

Naogopa. Ndicho alichokuwa anakisema jana alipokuwa akifinya kitambaa, naamini, na mimi nililetewa "amefurahi".

"Na mimi," nikamwambia. "Kowai."

Upande wa pili kukatoka sauti, sijui ilikuwa kicheko au nini. Maji yalikuwa yanachemka nikayaacha yachemke. Nikaweka kiganja ukutani na kusema sentensi yangu, ile niliyoipigania kwa mwiko. Binti akiwa mgonjwa, niambie. Usinifiche.

Akanyamaza. Nikasikia kuku, nikasikia Mama Nestory akimkemea mtu uani kwake. Nikajua nimemgusa penye kidonda, na kwamba Noboru alikuwa sahihi, kwao mtu haanzi hivyo. Nikajiandaa kusikia kigoda kinasogezwa.

Badala yake akazungumza. Nilikamata vipande: baba yake Noboru. Mgonjwa. Noboru, mbali. Sikumwambia. Halafu neno nisilolijua, akalirudia, nikamwambia silijui. Akatafuta jingine, akashuka hadi nilipo mimi. "Watashi, dame," akasema. Hilo nalijua vizuri sana. Ndilo Noboru alilokuwa akilitumia nikikosea kabisa. Mimi, vibaya. Nilifanya vibaya.

Alikuwa analia. Kulia hakuna lugha, nilijua bila mwalimu. Nami nililia, nikafuta kwa kona ya khanga yenye unga.

Kisha akajikohoza, akasema taratibu, kila neno mahali pake: "Getruda akiwa mgonjwa, nitasema. Mimi mwenyewe. Kwako."

"Yakusoku?" nikauliza.

"Yakusoku."

Nilipochungulia mlangoni, Zadok alikuwa amesimama penye kona ya nyumba, mikono ameitandaza, anawazuia watu wote wasipite: Getruda, Mama Nestory, hata Noboru, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanamtikisika. Nikarudi ndani haraka kabla macho yetu hayajakutana. Ugali ulitoka na mabonge. Wageni walikula.

Jumanne, 12 Desemba

Asubuhi kabla sijawasha moto nikasikia kigoda. Mama Fumie. Getruda alisimama kati yetu kwa muda tu, kunifafanulia anachotaka mgeni, kisha akatuacha. Anataka kujifunza Kiswahili. Amesema simu ina ncha mbili.

Nikamwuliza aanze na nini, salamu? Akasema hapana.

Nikaelewa. Nikaegemea ukuta na kuanza. Getruda amekula. Akarudia. Getruda amelala. Akarudia. Getruda analia. Hapo alisita, akauliza maana, nikamwambia kwa Kijapani, akarudia kwa sauti ya chini. Ulimi wake mzito kuliko wangu, maskini, na l zote anazipeleka Nansio. Getruda anaumwa. Hilo alilisema mara nyingi bila kuambiwa.

Zadok akafika na koti lake la harusi na kofia mkononi. Wazee walikuwa wameshakaa sebuleni. Akasimama mlangoni mwa jiko. "Shemeji, wananingoja. Nipeleke neno gani?"

Nikamwonyesha kidole angoje. Nikasema ukutani, pole pole, "Sitakuficha."

"Si-ta-ku-fi-cha," ikasema sauti ya upande wa pili.

Zadok akaitazama kofia yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Peleka ndiyo," nikamwambia.

Akaondoka. Muda si mrefu nikasikia vigelegele vya Mama Nestory sebuleni, na watu wakiniita nije. Nikawaambia waanze bila mimi, niko darasani. Nikachukua mwiko, nikagonga ukuta kwa ncha yake, taratibu.

"Tena," nikasema.